Dakika Kumi na Moja za Mgalula

Moyo wa mume wangu ulisimama saa nne kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, jua likiwa limefika kwenye kizingiti cha chumba na kuku wameshalishwa. Nilikuwa nimemshika mkono wa kushoto. Nikauachia, nikavaa miwani na glavu, kwa sababu tangu dakika ile sikuwa mke. Nilikuwa mshika Sikio.

Haikupangwa iwe hivyo. Sheria inataka anayeshika Sikio, mashine ile ya kumpa aliyekufa usikivu wa mwisho, asiwe ndugu wa marehemu, na Mgalula wangu alikuwa amepangiwa Tabu, mwenzangu wa kijiji cha ng'ambo ya mto, mwanamke makini mwenye mikono mepesi. Lakini mto ulikuwa umefurika tangu juzi yake, na gari la zahanati, lile linalojiendesha lenyewe, kila likifika kwenye maji linasimama, linageuza, linarudi lilikotoka, hata Tabu aliyekaa ndani alibembeleze vipi. Akanipigia simu. Akaniambia kwa upole kwamba ama nishike mimi, ama mzee aende bila. Kifungu kipo: pasipo na mwingine, ndugu anaruhusiwa, ila asitamke neno wala kutoa sauti yoyote mpaka dakika kumi na moja za kusikia ziishe, asije akasemwa kwamba alijipendelea.

Nami nilikuwa na dakika mbili zangu humo. Ndugu walikuwa wamekaa kikao wiki moja kabla, mgonjwa mwenyewe amelala chumba cha pili, wakazigawana kumi na moja zile: tatu za shemeji yangu Idrisa, tatu za binti yetu Nyanzala, tatu za wifi yangu Nyamizi, na mbili zilizobaki wakaniachia mimi mke. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu. Hayakuwa mengi. Basi nikayameza, nikachukua chupa ya ute.

Ute wenyewe ni mzito kama wa bamia, na ni wa baridi. Unampaka mtu nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, ndipo unamvika kofia ya nyuzi, unakaza kamba kidevuni bila kumbana. Nilikuwa nimeshawavika watu thelathini na mmoja kofia ile, na kila mmoja nilimwomba radhi moyoni kwa ule ubaridi. Kinachofanyika hapo si muujiza. Mtu anapokufa, kusikia ndiko kunakotoka mwisho. Kofia inakipoza kichwa na kuipa sehemu ya usikivu nguvu kidogo kidogo, ikabaki macho kama kaa la moto chini ya jivu, kwa dakika kumi na moja, basi. Hafumbui macho. Hajibu. Anasikia tu. Na kwenye kishikwambi ulichokipakata unatembea mstari wa kijani: sauti ikikutana na kumbukumbu, mstari unapanda, isipokutana, unalala.

Mstari huo ndio uliogombanisha watu. Miaka ya kwanza familia zilikuwa zikiutazama pamoja, zimejazana kitandani. Kuna mzee mmoja, kijiji chake sikitaji, mstari wake ulipanda kwenye dua, watoto wa mke mkubwa wakasema huyu ni Mwislamu; ukapanda tena kwenye Baba Yetu, watoto wa mke mdogo wakasema huyu ni wetu. Walilivuta jeneza huku na huku mpaka mshikio ukang'oka. Ndipo ikatungwa sheria kwamba mshika mashine peke yake auone mstari, na kabla saa moja haijapita aufute kwa mkono wake. Asipoufuta unakwenda wenyewe wilayani, na huko ndugu yeyote akiuomba anapewa. Tuliachiwa neno moja tu la kumwambia kila aliyesema, tena kama ni kweli: alikusikia. Zaidi ya hapo ni kuvunja kiapo.

Kiapo nilikula Tabora, kwenye mafunzo ya wiki sita, mimi wa darasa la saba nimekaa benchi moja na wauguzi. Nilimuuliza mwalimu wetu, Daktari Bhavika, kama mstari ukipanda wakati wa sala maana yake mtu ameamini. Akatabasamu.

"Bibi, mashine inajua kusikia," akasema. "Haijui kuamini."

Yeye ni Mhindu. Alitusimulia kwamba kwao mtu haishii hapo. Anakwenda, anarudi katika mwili mwingine, na baba yake walipomvika kofia walimtajia majina ya Mungu na kumdondoshea maji matakatifu mdomoni ili atoke akiwa mwepesi. Mhandisi Lwitiko, aliyetufundisha mambo ya betri, hakuamini hayo wala mengine. Kwake dakika ya kumi na mbili ni taa iliyozimwa, na hakuna anayeuliza mwanga umekwenda wapi. Lakini mama yake alipofariki alisafiri siku nzima, akamwimbia wimbo wa kubembelezea watoto dakika zote kumi na moja, wimbo mmoja, akirudia. Nilimpenda kwa hilo.

*

Sasa Mgalula. Mume wangu alikuwa mrina asali. Wakati huu ambapo mashamba mengi yanachavushwa na nyuki wa bati kutoka kiwandani, yeye alibaki na nyuki wenye damu, mizinga mia moja na kumi porini, na kila mzinga aliujua kwa tabia yake. Alizaliwa katika Uislamu, akasoma chuoni pamoja na mdogo wake Idrisa, ambaye leo ni imamu wetu. Akanioa mimi, binti wa Moraviani, kanisani, akaingia kwaya na kuimba besi miaka arobaini. Ramadhani alifunga. Krismasi aliimba. Na kabla ya kupandisha mizinga alimwaga pombe ya asali chini, akawataja babu zake mmoja mmoja kama dada yake Nyamizi alivyomfundisha. Ukimuuliza yeye ni nani hasa, alisema ni mrina asali. Ukimuuliza azikwe wapi, alisema popote penye kivuli.

Jibu hilo lilimtosha yeye. Sisi halikututosha. Kwenye kikao kile, baada ya kugawana dakika, walikubaliana jambo la pili mbele yangu: sauti itakayoupandisha mstari kuliko nyingine, wenye sauti hiyo ndio wamzike. Walitumaini Tabu angewanong'oneza. Asubuhi ile walipoona kofia iko mikononi mwangu, wote watatu walinitazama kwa namna moja, kisha wakatazama chini.

Makaburi ya Waislamu yako ng'ambo ya barabara. Ya Moraviani yako nyuma ya kanisa, na huko, ubavuni mwake, mahali pangekuwa pangu siku yangu ikifika. Nilitaka kulala karibu naye. Nasema wazi, nilitaka sana. Na kwa kuwa mstari ni mimi peke yangu ninauona, nilikuwa na uwezo wa kutaja jina la Nyanzala na pasiwe na wa kunipima.

Nikakaa kwenye kigoda, mgongo kwenye mlango wa uani, kishikwambi mapajani nimekielekeza kwangu. Nikabonyeza. Saa ikaanza kuhesabu.

*

Idrisa alitangulia. Masheikh walikuwa wamelijadili jambo hili kwa vikao vingi, kama mtu katika dakika zile bado ni wa kulakinishwa shahada, kutamkiwa maneno ya imani sikioni, au ameshatoka, na mwisho wakaona hakuna ubaya mtu kukumbushwa kalima akiwa anasikia, kwani mbele yake kuna kaburi na malaika wawili wenye maswali. Idrisa ameshalakinisha nusu ya kijiji. Aliinama kwenye sikio la kulia, akaanza kwa sauti yake ile iliyotulia, na mstari ukawa unapanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala.

Katikati akanyamaza. Nikamtazama. Midomo ilikuwa ikicheza bila sauti. Imamu kwa miaka ishirini na sita, mbele ya kaka yake, maneno yalikuwa yamemtoka.

"Kaka," akasema kwa Kiswahili, sauti imekuwa ya kitoto, "neno limenipotea."

Mstari uliruka. Nasema uliruka, kimo cha vidole vitatu, ukakaa huko juu. Chuoni, Idrisa mwenyewe ameshatusimulia mara nyingi, alikuwa mzito wa kukariri, na Mgalula ndiye aliyekaa nyuma yake akimnong'oneza kila mwalimu asipotazama. Sijui ilikuwaje. Najua tu kwamba mstari ulipokuwa juu vile Idrisa alivuta pumzi, akalipata neno, akamaliza kalima yote bila kosa, akatoka nje ameficha uso kwa kanzu.

Nyanzala akaingia. Binti yangu ni mwinjilisti, na anapoomba hutumia sauti ya mimbarini hata mkiwa wawili jikoni. Aliomba hivyo kidogo, akamkabidhi baba yake kwa Bwana, apumzike hadi siku ya parapanda, na mstari ukawa umelala tu, msikilizaji mwenye adabu. Kisha akaimba. Aliimba sauti ya kwanza, peke yake. Ule wimbo una mahali ambapo sauti ya kwanza inatulia na besi inaingia yenyewe. Nyanzala alipofika hapo akatulia, kwa mazoea, akaacha nafasi ya baba yake. Na mstari ukapanda papo hapo, kwa kipimo chake, ukashuka pale besi inaposhuka. Nilishika kigoda kwa mkono mmoja. Nilitaka kumwambia, mama, ameingia, na sikuruhusiwa.

Wifi yangu Nyamizi ndiye mkubwa wao. Miguu haimpeleki vizuri, akaletwa na Nyanzala, akakaa kitandani kabisa, akamwekea mdogo wake mkono kifuani. Yeye hana habari na mbinguni. Kwake waliokufa hawaendi mbali. Wanakaa nasi hapa, wanajua tumekula nini, wanachukia tukiwasahau, na mgeni anapowafikia lazima atambulishwe. Basi alimtambulisha. Aliwataja babu na bibi wa vizazi saba, akawaambia huyu anayekuja ni mtoto wa nani, ana kovu gani goti la kulia na alilipata akiiba karanga za nani. Mstari wa Nyamizi haukuruka hata mara moja. Ulipanda alipofungua mdomo, ukakaa hapo hapo dakika zote tatu, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Alimbeba kweli. Hiyo sauti aliijua kabla hajaijua nyingine yoyote.

Zikabaki dakika mbili. Zangu.

*

Nilikuwa nimekusudia zipite kimya. Nilikuwa nimeshika kidole chake kimoja tu, kupitia glavu, na kumtazama.

Mlango wa uani ukafunguliwa nyuma yangu. Harufu ya moshi ikaingia kwanza.

Chidawali ni Mgogo, fundi wa pampu za maji hapa kijijini, na Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani akija msibani anafanya atakavyo. Ataiga sauti ya marehemu, atamtukana, atalala kaburini akatae kutoka, na hakuna wa kumkemea, maana kumfukuza mtani ni kumnyima marehemu haki yake. Na sisi tulimsahau. Tulizigawa dakika kama mkate, tukampangia imamu, tukampangia mwinjilisti, tukampangia shangazi wa watu, tukasahau kwamba mtani hapangiwi. Yeye alikuwa kwenye pampu, akawaona wanaume wamekaa chini mbele ya nyumba na wanawake wamejifunga kanga, akajua. Hakuuliza mashine wala dakika. Alichukua ukutani kofia ya wavu ya Mgalula na bomba lake la moshi, akaingia.

Alikuwa amekunja mgongo kama Mgalula, anaburuta mguu kama Mgalula, na jicho moja amelifumba kabisa.

"Mama Nyanzala," akasema, na sauti ilikuwa yake yeye mume wangu, ile ya kujitetea, "hii siyo nyuki. Ni usingizi tu umenikaa vibaya."

Miaka arobaini na sita Mgalula hakuwahi kukiri kwamba ameumwa na nyuki. Angerudi mdomo umevimba kama andazi, aseme amekula pilipili. Nyuki wangu hawaniumi, alikuwa akisema, wananisalimia.

Chidawali akamzunguka hadi miguuni, akaacha kuiga, akamsema kwa sauti yake mwenyewe. "Mnyamwezi wewe, unakwenda wapi na milango mitatu? Ukibisha kwa Idrisa watakuuliza ile kwaya. Ukibisha kwa Nyanzala watakuuliza ile futari. Ukienda kwa babu zako watakuuliza pombe umeleta kiasi gani, na wewe ulivyo mchoyo ulikuwa unamwaga kijiko. Utalala nje. Njoo kwetu Ugogo. Kuna vumbi, lakini mlango ni mmoja na hauna komeo."

Nilibana midomo. Nilifikiria kiapo, nikafikiria Daktari Bhavika. Haikusaidia. Kijiko kile nakijua, ni cha chai, na ni kweli ndicho alichokuwa akimwagia babu zake, na kingine alikunywa mwenyewe. Kicheko kilinitoka puani kwanza, halafu kikatoka chote, kile cha zamani ambacho mama mkwe wangu alikuwa akikikataza kwa kuwa kinasikika hadi kisimani.

Na mstari ukapanda. Ukapita pale pa Idrisa, ukapita pa besi, ukafika ukingo wa juu wa kioo, ambako sikuwahi kuuona kwa mtu yeyote katika wale thelathini na mmoja, ukakaa huko kwa urefu wote wa kicheko changu. Niliponyamaza ukaanza kushuka, bila haraka, kama mtu anayeshuka kwenye mti akiwa na ndoo iliyojaa. Kengele ya dakika ya kumi na moja ililia mstari umeshafika chini na kulala.

Nikamvua kofia. Nikamfuta ute kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nyuma ya masikio na kwenye paji. Kisha nikafungua mlango, nikawaambia sasa mnaweza kulia.

*

Saa moja ni ndefu ukiwa na kitu cha kufuta. Nilijaza fomu kwanza. Penye maelezo ya ziada niliandika kwamba mshika mashine alicheka. Nafasi ilikuwa ndogo, na isitoshe ndiyo kweli yenyewe.

Halafu nikakaa na mstari. Ulikuwa umelala kwenye kioo wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na unaweza kuusogeza kwa kidole. Ukinishurutisha nipime hao watatu, Idrisa alikuwa juu ya wenzake kwa unywele, pale alipopotelewa na neno. Kwa makubaliano yao, basi, Mgalula ni wa ng'ambo ya barabara. Nikitaja Nyanzala nampata mume wangu nyuma ya kanisa, na mwanangu angefurahi, na Idrisa angekubali kwa heshima yake. Uongo wa neno moja tu.

Lakini kilichonishika zaidi hakikuwa hicho. Ni ule mwisho. Mtu unaishi na mwenzako miaka arobaini na sita, unapika, unaugua, unazaa, unanuna, na hakuna siku anakukalisha chini akuambie wewe kwangu ni kiasi gani. Mgalula hakuwa mtu wa maneno hayo. Sasa jibu lilikuwa hapo limechorwa kwa kijani, na nikiliacha litunzwe wilayani, kesho kutwa ndugu wataliomba, nalo litaanza kusema mambo ambayo halijui. Wataona Idrisa yuko juu ya Nyanzala. Wataona mtani yuko juu ya kalima. Kuna atakayesema Mgalula alikufa akimdhihaki Mungu. Na kumbe mashine ilisikia tu ndugu akimwomba ndugu yake msaada, na wimbo wenye nafasi, na mgongo wa dada, na mke wake anacheka.

Nikautazama tena, wote, polepole. Nikasema asante. Nikaufuta dakika nane kabla ya saa kutimia.

Nilitoka uani nikawakuta watatu hao wamekaa mkeka mmoja, wananingoja. Nikawaambia nimefuta na sitasema. Idrisa aliitikia kwa kichwa. Nyamizi, ambaye alikuwa akijinyoosha mguu, akauliza wanangoja nini wakati maji ya kuoshea yameshachemka. Kwake yeye, alisema, mwili waulaze popote watakapo. Mgalula atarudi hapa nyumbani, kwani ndipo alipotambulishwa, na asubuhi atataka kusikia watu wakisalimiana. Yeye Nyamizi hana ugomvi na shimo.

Nyanzala akakaa akifikiri. Nilimwona anapigana na nafsi yake. Kisha akamgeukia Idrisa.

"Baba mdogo, kwenu ninyi mwili una masharti," akasema. "Aoshwe, avikwe sanda, asicheleweshwe. Kwetu siku ya parapanda ataitwa kwa jina, hata awe upande gani wa barabara. Mzike wewe. Mimi niachie nimwimbie hapa mlangoni mnapotoka."

Idrisa alinigeukia. Aliuliza kama ni sawa kwangu, akaniita shemeji, na nilijua anauliza kuhusu ule ubavu wa kaburi nyuma ya kanisa, maana alikuwa anajua. Nikamwambia ni sawa. Iliniuma na ilikuwa sawa. Hapakuwa na mtu aliyeshinda pale mkekani, na hilo ndilo ninalomshukuru Mungu kwalo hadi leo, kwamba hapakuwa na wa kushindwa pia.

Kabla hawajaanza kuosha Idrisa alinifuata jikoni. Alisimama mlangoni kama mgeni. Aliniambia yaliyompata, kana kwamba sikuwepo: kwamba ameshasimama kwa wafu wengi na hajawahi kukosea, na kwa kaka yake wa tumbo moja ulimi umemsaliti, na sasa hajui kama kalima ilifika. Alikuwa hataki kujua aliyemzidi. Alitaka kujua hilo tu.

"Alikusikia, shemeji," nikamwambia.

Neno hilo ninaruhusiwa. Alikaa chini penye kuni, akalia kwa muda, akaniachia busati la jikoni limelowa. Nikamwambia Nyanzala vilevile, na Nyamizi, ambaye alisema alijua, atakosaje kumsikia.

*

Alizikwa baada ya swala ya alasiri. Wanaume walimchukua, Nyanzala akaimba mlangoni sauti ya kwanza, akaacha ile nafasi, na baadhi ya wale wale waliobeba jeneza, wanakwaya wenzake wa zamani, wakaijaza wakiwa wanatembea. Idrisa alikuwa mbele. Hakugeuka, lakini alipunguza mwendo.

Nilibaki na wanawake, tukachambua mchele. Kichwani mwangu nilikuwa nayahesabu niliyopewa siku ile, na kila nilipodhani nimemaliza nilikuta jingine: kwamba alikufa asubuhi penye mwanga, kwamba mto ulijaa Tabu asiweze kuvuka, kwamba mikono iliyomvika kofia ilikuwa yangu. Kulikuwa na jambo moja tu lililonisumbua. Kila aliyesema aliambiwa neno lake. Mimi sikuwa msemaji, nilikuwa mshika mashine, na mshika mashine hana wa kumwambia. Nililiona kwa macho yangu, ndiyo. Lakini macho ya mjane, yenye machozi, na ushahidi nimeufuta kwa kidole changu mwenyewe. Baada ya saa chache tu nilikuwa nimeanza kujiuliza kama kweli ulifika ukingoni, au ni mimi niliyetaka ufike.

Wanaume waliporudi, Chidawali alikuwa wa mwisho, udongo mwekundu kuanzia kisogoni hadi visigino, maana alikuwa amelala kaburini na kukataa kutoka hadi alipoahidiwa asali ya masega. Akaja moja kwa moja hadi nilipokaa, akasimama mbele ya ungo wangu wa mchele na kunidondoshea udongo.

"Mnyamwezi wewe, umefuta," akasema.

Nikamwambia nimefuta, ndiyo sheria.

"Kwenye mashine umefuta. Nilikuwa nimesimama nyuma yako kabla sijamzunguka, na miguuni pake nilikuwa naona kioo chako kinang'aa kwenye miwani yako. Miaka thelathini nasoma geji za pampu, hadi usingizini. Sijawahi kuona kitu kinapanda vile bila kupasuka." Aliinua mkono wenye udongo, akaupitisha kichwa chake, akaupeleka juu zaidi, akasimama kwa ncha za vidole ili ufike mbali. Wanawake walianza kucheka. "Hapa. Kwa kicheko kile kibaya, cha fisi. Alikusikia, bibi wewe."

Neno la mtani halipelekwi popote. Hakuna mahakama inayolipokea, hakuna ndugu anayeligombania, hata Tabu akisimuliwa hatakuwa na pa kuliandika. Ndiyo maana yeye peke yake aliweza kunipa.

Nikamshukuru kwa namna mtani anavyoshukuriwa. Nilimwambia ni mwongo, Mgogo tangu lini akajua kusoma, kisha nikaingia ndani nikamjazia bakuli la asali ya masega.